Jicho Baya: Je, Kutazama Kwaweza Kudhuru?

Katika nyumba za askari watu huishi karibu karibu mno. Ukuta ni mmoja, bomba la maji ni moja, na kamba ya kuanikia nguo za mama huyu yaishia mlangoni kwa mama yule. Mtoto wa mmoja akinenepa, wote waona. Bwana wa mwingine akipandishwa cheo, wote wajua kabla ya jua kutua. Mahali kama hapo, mtoto akiamka na homa, tena akitapika na kulia bila kunyamaza, si ajabu kusikia mtu akinong'ona: "Ni jicho la fulani. Jana alimsifu mtoto huyu, akamtazama sana."

Neno hilo likishasemwa, maisha ya huyo fulani hayawi tena kama yalivyokuwa. Kwa hiyo yafaa tulichunguze jambo hili kwa utulivu, tuone watu wa nchi nyingine nao wamelifikiri vipi.

Imani ya jicho baya si yetu peke yetu, wala si ya watu wasiosoma peke yao. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi yapata miaka 1900 iliyopita, aliandika mazungumzo ya karamuni juu ya watu ambao kutazama kwao kwasemekana kudhuru watoto. Baadhi ya wageni walicheka. Wengine wakashikilia kwamba katika macho ya mtu hutoka kitu kinachoweza kumfikia mwenziwe. Wakati ule maelezo hayo hayakuwa upuuzi, maana wenye elimu wengi waliamini kwamba jicho huona kwa kutoa miali yake lenyewe, kama kurunzi. Alikuja kuyapinga kwa ushahidi Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra akafanya kazi Cairo. Katika kitabu chake kikubwa cha karne ya 11 alibainisha kwamba nuru hutoka kwenye kitu kinachotazamwa, ikaingia jichoni. Jicho hupokea, halirushi. Na mwaka 1898 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Titchener, aliwapima wanafunzi waliodai kwamba mtu akiwakazia macho kisogoni wao huhisi. Majaribio yake hayakuonyesha chochote.

Hata hivyo imani haikwisha. Mwaka 1976 mtaalamu wa mila za watu aitwaye John Roberts alitangaza uchunguzi wake juu ya jamii 186 za dunia, akaikuta imani hii katika jamii 36 kwa kila 100. Yaani jamii nyingi zaidi hazinayo! Imeenea hasa kandokando ya bahari ya Mediteranea, nchi za Waarabu, Uajemi na India, na wataalamu wengi waona kwamba huko Amerika ya Kusini na ya Kati ilipelekwa na Wahispania. Waturuki humfunga mtoto shanga ya kioo cha buluu iliyochorwa jicho. Wagiriki hudondosha mafuta ya zeituni katika bakuli la maji, wakatazama yanavyotawanyika. Madereva wa malori huko India hutundika limau na pilipili mbele ya gari. Waislamu husoma Suratul Falaq, ambayo mwisho wake ni kuomba kinga na shari ya hasidi. Mambo ya ibada tuwaachie wanazuoni. Ila sijapata kusikia sheikh wala padri mwenye elimu akisema kwamba dua yakataza dawa.

Mila inayonivutia zaidi ni ya Meksiko. Huko mwenye jicho si lazima awe adui. Aweza kuwa shangazi aliyependezwa na mtoto kupita kiasi, na tiba ya kwanza ni kumwomba amguse mtoto huyo. Hapo hapana ugomvi: aliyesifu aitwa, agusa, aenda zake. (Natamani kama sisi nasi tungeiga upole huo.)

Mwaka 1965 George Foster, Mmarekani aliyekaa siku nyingi katika kijiji cha Tzintzuntzan huko huko Meksiko, alieleza kwamba wakulima maskini huyaona mema yote ya dunia kuwa na kipimo, kama shamba lililokwisha gawanywa. Mmoja akipata zaidi, basi mwingine amepunguziwa. Mtu mwenye fikira hiyo huuogopa wivu wa jirani, na huficha hata chakula chake. Nadhani wakazi wa kambi watamwelewa Foster upesi. Nafasi ya sajini ikitoka moja, ni kweli haigawanyiki. Lakini afya ya mtoto si cheo, na wa kwako akipona hakuna wa jirani anayepunguziwa siku.

Ubaya mkubwa umo katika kumtafuta mwenye jicho, maana kidole huelekezwa kwa mtu asiye na wa kumtetea. Katika Ethiopia jicho baya huitwa buda, na kwa karne nyingi walioshukiwa walikuwa wahunzi, wafinyanzi na Wayahudi wa nchi ile wajulikanao kama Beta Israel, ambao wengi wao waliishi kwa kazi hizo za mikono. Ilisemwa hata kwamba usiku hugeuka fisi. Tazameni ajabu hii: mkulima alilima kwa chuma kilichofuliwa na mhunzi, akapika katika chungu cha mfinyanzi, na bado akaogopa kutazamwa nao anapokula. Waluo wa Kenya nao huliita jicho hilo sihoho, na hulihofu zaidi wakati wa chakula, kwani aliyetazamwa akila yasemekana huumwa na tumbo. Katika nchi nyingi mwanamke asiyejaliwa mtoto ndiye ashukiwaye mapema, kana kwamba huzuni yake haikumtosha.

Wenzetu wa polisi walijua hili vizuri, kwani kesi za namna hii huanza na mnong'ono zikaishia kwa fimbo na moto. Huko Kenya, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilimkataza mtu kumshutumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari kwa wenye mamlaka, kama polisi au chifu. Askari anayeandika maelezo kituoni huuliza: nani aliona nini, na saa ngapi? Maswali hayo yafaa hata nyumbani.

Je, tuwakataze mama zetu kila kitu? Hapana. Nilipokuwa nikifundisha darasa la pili nilizoea kuona uzi mweusi mikononi mwa watoto, wala sikumvua hata mmoja, kwa sababu uzi safi usiobana haudhuru mtu. Wanja ni habari nyingine. Wanja wa aina nyingi umesagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi. Mtoto hufikicha macho, kisha hulamba vidole, na risasi hiyo huingia mwilini ikaharibu akili yake polepole. Asipakwe, wala machoni wala kwenye paji la uso.

Sasa turudi kwa mtoto tuliyemtaja mwanzo. Homa, kutapika, kuharisha, kulia: Meksiko dalili hizo ni za jicho, na huku kwetu pia. Lakini ndizo dalili za malaria, za maji machafu, na za maradhi mengine yaliyo na dawa. Utosi ukibonyea na macho yakididimia, si kwamba ametazamwa. Ni maji yaliyopungua mwilini. Mwenye homa apimwe damu siku ile ile. Akilegea, akishindwa kunywa au kunyonya, akiharisha damu au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali papo hapo, usiku au mchana. Na mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa asingojwe hata kidogo.

Anayeharisha apewe maji ya chumvi ya pakiti kutoka zahanati. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, ukoroge mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi. Mama aendelee kunyonyesha. Mtoto anyweshwe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, mama angoje dakika kumi, kisha aanze tena taratibu, na baba wakati huo huo awe ametoka kutafuta gari.