Subaru ya Tabo: Kuitunza, Kuiongezea Nguvu, na Haki ya Atakayeinunua



Kila baada ya muda hutufikia swali lile lile kutoka kwa vijana wetu: "Nina Subaru ya tabo, nataka kuiongezea nguvu. Je, ni israfu?" Wazazi nao huuliza kwa upande wao: "Mwanangu anamaliza mshahara wake kwenye gari. Nimwambie nini?" Kwa kuwa wanaouliza ni wengi, tumeona tuandike makala badala ya jibu la mistari mitatu. Kabla ya kuandika tulikaa na mafundi wawili wenye uzoefu mrefu na magari haya, kwani hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu.

Upande wa hukumu, jibu ni fupi. Asili ya mambo kama haya ni ruhusa, na kupenda gari zuri si dhambi. Yanayobadilisha hukumu ni haya: pesa inatoka wapi na ni nani aliyekoseshwa haki yake ili ipatikane, gari lenyewe linamdhuru nani, na siku ya kuliuza, mnunuzi ataambiwa nini. Yaliyobaki ni elimu ya ufundi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Israfu tuliyoiona kwa macho yetu mara nyingi si ya mtu kutumia pesa nyingi kwenye gari, bali ni ya mtu kununua kifaa cha bei kubwa na kukifunga juu ya injini ambayo tayari inakufa.

Tunazungumzia hasa Impreza WRX na STI, pamoja na Forester na Legacy za tabo, zenye injini ya familia ya EJ. WRX ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Huku kwetu jina lake lilipandishwa na Safari Rally: Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000. Watoto waliokuwa wakisimama kando ya barabara kuyaona magari yale ya buluu sasa ni watu wazima wenye mishahara, na gari walilokuwa wakiliota wanaweza kulipata likiwa limetumika, kwa bei ya gari la kawaida. Lakini gari lililotumika lina historia yake, na historia hiyo inaanzia kwenye oili.

Oili na joto

Tabo ni feni mbili juu ya fimbo moja. Moshi unaotoka unazungusha moja, nayo ile nyingine inasukuma hewa ndani ya injini. Fimbo hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inachokielea ni utando mwembamba wa oili tu. Oili hiyo hiyo ndiyo inayolinda beringi za injini. Ikipungua, ikichoka au ikichelewa kufika, vinaharibika vyote viwili kwa pamoja, na vyuma vya tabo iliyosagika huingia kwenye oili na kusambaa injini nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza analotakiwa kulijua mwenye gari hili ni kijiti cha kupimia oili, kabla hata ya kujua tabo kubwa inauzwa wapi. Injini hizi hula oili, hasa zikiendeshwa kwa kasi. Ipime kila unapojaza petroli, asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Badilisha kila kilomita 5,000, au kabla ya hapo ikiwa unaishi katika foleni na vumbi. Ukiwa na injini yenye bolti ya bomba la oili iliyofungiwa kichujio kidogo cha wavu ndani yake, mwambie fundi aikague. Wavu ule huziba uchafu, oili haifiki kwenye tabo, na mtu analaumu tabo kumbe kosa ni la kitu chenye ukubwa wa ncha ya kidole.

Usiikanyage injini ikiwa baridi. Baada ya mwendo mkali, endesha taratibu dakika chache za mwisho kabla ya kuzima, ili tabo ipoe huku oili na maji vikiwa bado vinazunguka.

Hapa pwani tuna ugonjwa wetu wenyewe: maji ya kisima. Injini hii, bloku na vichwa vyake, ni ya alumini, na maji ya chumvi huila alumini polepole kwa ndani. Tumeona rejeta zilizojaa tope la kutu na ukungu mweupe kwa sababu kila aliyesimama barabarani alimimina maji yaliyokuwa karibu. Tumia kipozeo kinachofaa, na kikikosekana, maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi.

Kuna pia mkanda wa taimingi. Kwenye injini hizi ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na hapo umeshapoteza injini. Kiwango cha Japani ni kilomita 100,000, lakini ukiwa umenunua gari ambalo historia yake huijui, usihesabu kilomita za kwenye dashibodi. Badilisha mkanda, roli zake na pampu ya maji kwa pamoja, kisha uanze kuhesabu upya.

Petroli, na kunoki kusikosikika

Neno hili linahitaji maelezo, kwani mafundi wetu wakisema injini "imenoki" wanamaanisha beringi zimeliwa na injini inagonga. Kunoki tunakokusudia hapa ni kwingine, na huenda ndiko kulikoleta kule.

Petroli na hewa vinatakiwa kuwaka kwa utaratibu, moto ukitoka kwenye plagi na kusambaa. Joto na presha vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto haujafika. Ni kama nyundo inayopiga kichwa cha pistoni. Mara moja haivunji kitu. Ikirudiwa maelfu ya mara, kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni hupasuka, presha hupita chini, moshi wa buluu huonekana, oili inapungua, na beringi zinapigwa kila mzunguko. Ugonjwa huu wa kingo za pistoni unajulikana dunia nzima kwa wenye injini hizi, hasa zile za lita 2.5.

Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili presha bila kulipuka ovyo. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani liliwekewa kompyuta inayotegemea petroli yao ya daraja la juu, yenye okteni ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kiwandani waliweka sensa inayosikiliza kunoki, na kompyuta hurudisha nyuma cheche ili kuilinda injini. Kwa hiyo gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, likipewa petroli bora inayopatikana, huvumilia. Linapungua nguvu kidogo tu.

Sasa kijana anaingia. Anafunga kifaa cha kuongeza presha ya tabo, kutoka kiwango cha kiwanda kilicho karibu na baa 1 hadi juu zaidi, bila kuibadilisha kompyuta ielewe kuwa hewa imeongezeka. Au ananunua programu iliyoandikwa kwa petroli ya nchi nyingine. Gari linaruka kama limeamshwa, anafurahi, na kweli lina nguvu zaidi, kwa miezi michache. Kile kinga alichokuwa nacho amekitumia chote. Akiwa ndani, na redio imewashwa, hasikii lolote.

Mpangilio walioturudia mafundi wote wawili ni huu. Kwanza pima afya ya injini: kompresheni ya silinda zote nne, presha ya oili, na uvujaji wa hewa. Silinda moja ikiwa dhaifu, simama hapo. Pesa yote ni ya matengenezo. Injini ikiwa nzima, funga vipimo vya kweli vya presha ya tabo na cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kisha kompyuta iandikwe upya na mtu anayelisoma gari lako wewe, kwenye petroli unayoinunua wewe, na anayekuonyesha alichokipima. Mtu anayekuahidi idadi ya farasi kabla hajafungua boneti, mshukuru na uondoke.

Sauti si nguvu

Mengi yanayonunuliwa kwa jina la nguvu ni sauti. Ule mlio wa "pshii" mtu anapoachia mafuta hutoka kwenye valvu inayotupa nje hewa iliyoshindiliwa. Kwenye Subaru nyingi hewa hiyo imeshahesabiwa na sensa ilipokuwa inaingia. Ikitupwa nje, kompyuta haijui, nayo inaendelea kumwaga petroli kwa hewa isiyokuwepo. Valvu ya kiwanda huirudisha hewa ile ndani kimya kimya, na ndiyo iliyo sahihi.

Ule mngurumo unaomtambulisha Subaru nao watu huudhania kuwa ni wa injini yenye nguvu. Unatokana na mabomba ya moshi yasiyo na urefu sawa: moshi wa upande mmoja huchelewa kufika. STI za Japani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliwekewa mabomba ya urefu sawa kwa sababu tabo hufanya kazi vizuri zaidi hivyo, na mngurumo ukapotea. Kuna wanaolipa fundi awarudishie mabomba ya zamani. Wanalipa ili wapunguziwe.

Ekzosti iliyotobolewa tusiizungumzie sana. Anayelitia gari moto saa kumi na moja alfajiri kwenye uchochoro wenye wagonjwa na watoto wachanga anajua anachokifanya, na kumuudhi jirani hakuhitaji fatwa mpya.

Kinachosimamisha

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, tunakushauri breki na matairi. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya huchemka mapema: daraja la DOT 4 kiwango chake cha chini ni nyuzi 230 ikiwa mpya, na 155 ikiwa na unyevu. Ikichemka, unakanyaga pedali na inakwenda mpaka chini. Mtu aliyeteremka Kitonga nyuma ya malori anaelewa tunachosema. Ibadilishwe kila miaka miwili, na mapema zaidi kwa gari linaloendeshwa kwa nguvu.

Matairi ya Subaru lazima yalingane yote manne, kwani gari linasukumwa na magurudumu yote. Kiwanda huruhusu tofauti ya mzingo isiyozidi robo inchi. Ukinunua tairi moja la mtumba na kulichanganya na matatu yaliyokwisha, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, inachemka na kufa. Pesa uliyookoa kwenye tairi utailipia giaboksi.

Siku ya kuliuza

Kijana mmoja wa mtaa wetu alinunua WRX nzuri kwa macho, kwa akiba ya miaka minne na mkopo aliopewa na mjomba wake. Injini ilisimama wiki ya tatu. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imepasuka ukingo, na oili ilikuwa nzito kuliko inavyotakiwa, ile inayomiminwa ili mlio wa beringi usisikike. Alama za kifaa cha kuongeza presha zilikuwa bado kwenye mabomba, chenyewe kimeshatolewa. Betri pia ilikuwa imechomolewa kabla hajaja kuliona gari. Hilo hufuta taa za hitilafu na kila kitu kompyuta ilichojifunza kuhusu kunoki kwa injini ile, hivyo gari huendeka vizuri kwa siku za mwanzo. Muuzaji alimjibu kwa neno moja: umelikagua mwenyewe.

Jibu hilo halimtoi. Inajulikana kisa cha Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, na alivyomkemea mwenye kuuza. Kasoro iliyofichwa ni ghishi, na mnunuzi aliyeuziwa kasoro asiyoijua ana khiyari ya kurudisha. Kusema "nauza kama lilivyo" hakumsaidii anayeijua kasoro akainyamazia. Mwenye gari lililoongezwa nguvu anatakiwa aseme: presha ilipandishwa mpaka wapi, kwa muda gani, nani aliandika kompyuta, injini ilifunguliwa lini. Akiandika kwenye karatasi na kuambatanisha risiti za oili, ni bora zaidi, na wenye kuyajua magari haya humlipa bei nzuri kwa karatasi hizo. Vivyo hivyo kwa kampuni ya bima: mabadiliko usiyoyataja yanaweza kukunyima fidia siku ya ajali, wewe na uliyemgonga.

Na wewe unayenunua, nenda asubuhi, umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Iwashe ikiwa baridi na usikilize: mgongo mwepesi wa pistoni baridi hupotea injini inapopata joto, lakini mlio wa beringi huzidi. Endesha nusu saa, si kuzunguka mtaa tu. Lipia kupimwa kompresheni kwa fundi uliyemchagua wewe. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

Kijana yule na muuzaji walisuluhishwa na wazee. Alirudishiwa sehemu ya pesa na akabaki na gari. Injini nyingine ilipatikana baada ya miezi saba. Mkopo wa mjomba bado anaulipa, na presha ya tabo ameiacha ya kiwandani.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.