Homa ya Mtihani



Iko homa moja ambayo haitokani na mbu. Siku chache kabla ya mtihani mtu anakosa usingizi. Chakula hakipiti. Siku yenyewe ikifika tumbo linamkata, mikono inatoka jasho, na kila mara anataka kwenda chooni. Akipewa karatasi, yale aliyoyasoma mwaka mzima yanapotea kichwani, kama vile hakuyasoma kabisa. Akitoka nje tu, majibu yote yanarudi! Hiyo ndiyo homa ya mtihani.

Wengine wetu tunadhani ugonjwa huu ni wa watoto wa shule. Sivyo. Mtu mzima unaweza kumpata zaidi. Mtoto akishindwa atachekwa na watoto wenzake. Mtu mzima anaogopa kuchekwa na wanawe, na mkwewe, na majirani. Tunawajua wanakisomo waliohudhuria darasa mvua na jua, halafu siku ya mtihani wakasema wana safari, au ng'ombe amepotea. Mama mmoja alitueleza wazi: "Jamani, mbele ya wajukuu zangu nasoma barua bila wasiwasi. Lakini yule bwana akisimama mlangoni na karatasi zake, naona herufi zinacheza ngoma." Mama huyu kusoma anajua. Kinachomshinda ni hofu. Basi na tuisome hofu yenyewe, kama tunavyosoma ugonjwa wa mahindi.

Tuseme unatoka shamba jioni, ghafla unaona nyoka njiani. Kabla hujafikiri umesharuka. Nani amekurusha? Ubongo umeona hatari, ukapeleka habari kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unapiga haraka ili damu nyingi iende miguuni na mikononi. Pumzi inakwenda mbio. Kinywa kinakauka. Tumbo linapunguza kazi yake, maana wakati wa kukimbia nyoka siyo wakati wa kusaga ugali. Yote haya mwili unafanya ili ukuokoe.

Lakini mwili hautofautishi sana nyoka na karatasi ya mtihani. Ukiiogopa karatasi, tezi zinamwaga dawa ile ile. Miguu inapata nguvu ya kukimbia, na wewe unatakiwa ukae kwenye dawati uandike! Kwa hiyo ukisikia moyo unagonga, usiseme, "Basi, mimi sijui kitu." Moyo kugonga hakuonyeshi kwamba hujui. Tena hofu ikiwa kidogo inasaidia, inakufanya uwe macho. Ikizidi ndipo inaunguza, kama moto chini ya sufuria.

Na mbona mtu anasahau? Jaribu hesabu hii: 14 mara 6. Unasema 6 mara 4 ni 24, unaandika 4, unashika 2 kichwani. Halafu 6 mara 1 ni 6, ongeza ile 2, unapata 8. Jibu ni 84. Ile 2 uliyoishika imekaa katika sehemu ya akili inayobeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Sasa kama wakati huo huo unawaza, "Watanicheka, mume wangu atasema nini, yule mwenzangu ameshamaliza," ile 2 inaanguka. Ni kama mtu mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, halafu anapewa na mzigo wa kuni. Somo halijapotea, ila mikono imejaa. Ndiyo sababu ukitoka nje na wasiwasi ukiisha, majibu yanarudi.

Dawa kubwa tunayoijua inaanza wiki nyingi kabla ya mtihani, nayo ni kujizoeza kukumbuka. Wengi wetu tunasoma kwa kurudia. Tunasoma ukurasa mara tatu, mara nne, tunasema, "Huu naujua." Kumbe macho yameuzoea tu. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi wasome. Kundi moja likaisoma tena. Kundi la pili likaifunika, likaandika yale liliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: walioandika bila kuangalia walikumbuka zaidi.

Hata sisi tunaweza kufanya hivyo bila gharama. Soma ukurasa, funga kitabu, andika ulichokumbuka. Huna daftari? Andika kwa mkaa kwenye ubao, au kwa kijiti kwenye mchanga. Mwambie mtoto wako akuulize maswali; watoto wanapenda sana kuwa walimu, tena ni wakali. Mara moja kwa wiki darasa zima la kisomo likae kimya, kila mtu peke yake, mwalimu apite katikati na saa yake kama msimamizi. Mara ya kwanza watu watatetemeka. Mara ya sita watakuwa wamezoea. Daraja la miti hutisha anayelivuka mara ya kwanza. Anayelipita kila siku hata hatazami chini.

Usiku wa kuamkia mtihani, lala. Kukesha na kitabu ni hasara, maana ubongo hupanga yale tuliyojifunza wakati tumelala. Asubuhi kunywa uji. Fika mapema. Ukikaa, vuta pumzi polepole ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo mara kumi. Pumzi ikitoka polepole, moyo nao unapunguza mbio. Kisha soma maswali yote, uanze na lile unaloliweza.

Wapo wanaoshauri kuandika wasiwasi wako kwenye karatasi dakika 10 kabla ya mtihani. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock, nao wa Marekani, walieleza kwamba wanafunzi waliofanya hivyo walifanya vizuri zaidi. Wengine waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yale yale. Sisi tunasema, anayetaka ajaribu, haidhuru kitu. Lakini hirizi, na vidonge vya kununua gulioni, hapana. Na kikombe cha pombe "kuondoa wasiwasi" kinaondoa na hesabu.

Neno moja kwa watu wa nyumbani. Mzazi anayemwambia mtoto, "Ukifeli usirudi hapa," anamwongezea mzigo ule ule unaoangusha ile 2. Naye mama anayeamka saa kumi usiku kutwanga na kuteka maji, halafu saa mbili anaingia kwenye mtihani, ameshachoka kabla ya swali la kwanza. Siku hiyo baba achukue ndoo. Na kama mtu, mkubwa au mdogo, amepitisha wiki nzima hali, halali, au anasema ni afadhali afe, huyo asiachwe peke yake. Apelekwe zahanati upesi.

Tukumbuke pia kwamba mtihani hauji mara moja tu maishani. Mwaka 1975 Tanzania Bara ilifanya mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Matokeo yalipangwa kwa hatua nne. Waliofika hatua ya III na ya IV walihesabiwa wanajua kusoma na kuandika. Waliobaki hatua ya I na ya II walirudi darasani, na mitihani ikaja tena 1977, 1981, 1983 na 1986. Mwaka 1975 watu wapatao 4 katika kila 10 walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1986 wakawa karibu 1 katika kila 10.  Siku hizi mtu mzima ambaye hakusoma sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Akifaulu, anaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne. Akishindwa, anajiandikisha tena.

Sasa zoezi. Funika gazeti hili. Andika kwa maneno yako: Tezi zinazomwaga adrenalini ziko wapi? Kwa nini ile 2 inaanguka? Pumzi huvutwa kwa hesabu ya ngapi, hutolewa kwa hesabu ya ngapi? Ukikwama, ngoja kidogo, fikiri tena, ndipo ufunue.