Kombi iliyofufuliwa: Gharama ya fundi siyo bei ya soko

WENYE magari ya zamani aina ya Volkswagen Kombi wilayani Bukoba na Muleba wanaotaka kuyafufua na kuyauza wako katika hatari ya kukosea hesabu tangu siku ya kwanza. Kosa lenyewe ni kujumlisha fedha zote alizolipwa fundi, kuongeza faida kidogo, na kuiita jumla hiyo bei. Soko halihesabu hivyo. Linauliza kwanza mnunuzi ni nani.

Mnunuzi wa karibu ni msafirishaji wa abiria. Huyu ana barabara ya Bukoba hadi Muleba, kiasi cha kilomita 70, na anataka gari ambalo vipuri vyake viko dukani na kila fundi analijua. Atalizunguka Kombi, ataulizia historia yake yote, atasifu rangi, kisha atakwenda kununua Hiace. Kwake injini isiyo na rejeta ni tatizo la ziada tu.

Mnunuzi wa pili ni mkodishaji wa magari ya harusi na ya watalii. Kagera ina msimu wake: Desemba, wenyeji wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na harusi zikaongozana. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme Kombi bovu limenunuliwa kwa shilingi milioni 3, kuchomelea bodi na rangi milioni 6, injini milioni 4, viti na vioo milioni 2. Jumla ni milioni 15. Likikodishwa siku 25 kwa mwaka kwa shilingi 200,000 kwa siku, linaingiza milioni 5. Ukitoa dereva, mafuta, bima na matengenezo, tuseme milioni 2, zinabaki milioni 3. Mtaji utarudi baada ya miaka mitano, iwapo injini haitanoki njiani. Mkodishaji anayetaka mtaji wake urudi katika miaka minne hatalipa zaidi ya milioni 12, na mfufuaji amekula hasara ya milioni 3 kabla hajamlipa dalali. Waliokopa kwa ajili ya kazi hii wapige hesabu yao leo, siyo rangi ikishakauka.

Anayebaki ni mkusanyaji wa magari ya kale, ambaye yuko nje ya mkoa na mara nyingi nje ya nchi. Bei zake ndizo zinazowatia watu wazimu. Mwaka 1911 hapakuwa na Kombi, lakini mwaka 2011 moja la mwaka 1963 lenye madirisha 23 liliuzwa katika mnada wa Barrett-Jackson nchini Marekani kwa dola 217,800. Hilo lilikuwa la anasa, la aina iliyobaki kidogo duniani. Kombi la kawaida la miaka ya 1970 halina haki ya kutaja bei hiyo.

Hata hivyo magari ya hapa yana sifa moja inayouzika: usukani uko kulia, kama Uingereza. Marekani nayo huliondolea gari lililotimiza miaka 25 masharti ya usalama yanayozuia magari mengine kuingia.

Mkusanyaji halipii rangi inayong'aa. Analipia uhalisi. Namba ya chasisi imegongwa ndani ya chumba cha injini, na kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Agosti 1964 tarakimu ya tatu huonyesha mwaka wa modeli. Namba inayoanza na 2322 ni Kombi la modeli ya 1972. Kama kadi inasema 1968, biashara imekwisha hapo hapo. Namba hiyo, kadi ya gari na jina la muuzaji lazima vikubaliane, na marekebisho ya kadi yafanyike TRA kabla ya tangazo.

Kisha ni kutu. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Kombi lililolala chini ya migomba huliwa kwanza sakafuni, chini ya milango na mahali panapokaa betri. Fundi anayejaza mashimo kwa plasta na kupuliza rangi juu yake anamwibia mwenye gari, kwa sababu sumaku ya mnunuzi haidanganyiki.

Injini ina mtego wake. Hupozwa na feni inayosukuma hewa kupitia mabati maalumu, na ukingo wa chumba chake huzibwa kwa mpira ili hewa ya moto isirudi. Fundi asiyeyajua mabati hayo huyatupa akiona hayana kazi. Gari litapanda vilima vya Kamachumu mara chache, silinda zitachemka na vali zitaungua. Vipuri si adimu sana, kwani Brazil iliendelea kutengeneza Kombi la injini hii hadi Desemba 2005.

Anayelenga soko la nje atoe kwenye bei gharama za kulifikisha bandarini, ama Dar es Salaam, ama Mombasa kupitia Mutukula na Uganda, pamoja na meli na bima. Na kabla ya kupaka rangi apige picha za chini ya gari, bati likiwa tupu. Mnunuzi makini ataziomba hizo kabla ya kuuliza bei.