Gari jeupe, sabuni ya unga na ubishi wa waksi

Simama Mwenge jioni foleni ikiwa imeshika. Nyeupe, silva, nyeupe, silva, halafu nyeusi moja ya mkubwa fulani, halafu nyeupe tena. Magari mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na huko rangi hizo zimependwa miaka nenda rudi. Mnunuzi wa hapa naye ana sababu zake: gari jeupe halichemki sana ndani, halionyeshi mikwaruzo midogo, na siku ya kuliuza wateja hawasumbui. Likishafika nyumbani ndipo unapoanza ule ubishi wa Jumamosi kwenye kuosha magari: tupake waksi au silanti?

Jibu utakalopewa litahusu jua. "Bosi, waksi inayeyuka, kwa joto la Dar haikai," atakwambia kijana mwenye sponji mkononi, na wenzake wataitikia. Mimi nadhani jua linasingiziwa.

Waksi yenye sifa hutengenezwa kwa carnauba, nta ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Majani hukatwa, huanikwa, kisha hupigwa mpaka unga wa nta udondoke. Nta hiyo ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi, na ni ngumu kiasi kwamba huwezi kuipaka kwa kitambaa. Ndiyo maana viwandani huilainisha kwa mafuta, viyeyushi na nta nyingine laini. Boneti nyeusi iliyopigwa na jua la saa saba mchana inaweza kulikaribia joto hilo. Nyeupe hailifikii, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga inaurudisha ulikotoka. Kwa hiyo wa mwisho kuogopa waksi kuyeyuka angekuwa mwenye gari jeupe.

Mwizi hasa ni sabuni ya unga. Sabuni ya kufulia imeundwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na haijui kutofautisha uchafu wa kola na nta ya boneti. Waksi inayotunzwa vizuri hukaa mwezi mmoja au miwili. Ukilipeleka gari kila wiki likamwagiwa povu hilo, nusu ya muda huo ni bahati. Silanti ni kitu kingine: ni polima za maabara zinazoshikana na rangi kwa nguvu zaidi, na kwa kawaida hudumu miezi minne hadi sita. Sabuni kali huila nayo, ila polepole.

Kuna na suala la mwonekano, na hapa ndipo watu wanapotupa hela. Sifa ya waksi ni kuipa rangi kina, ile hali ya kuonekana kama imelowa. Kwenye gari jeusi au la damu ya mzee, tofauti unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwenye jeupe hakuna kina cha kuongeza. Jicho linachotafuta pale ni usafi na mng'ao, na silanti huacha uso laini kama kioo. Kwenye silva, chembe za metali zilizomo ndani ya rangi hubaki zikimeta bila ukungu juu yake. Mwenye gari jeupe linalooshewa mtaani namshauri silanti bila kusitasita.

Lakini asikimbilie kupaka. Chuchumaa ubavuni mwa gari jeupe, utazame sehemu ya chini ya milango na nyuma ya matairi. Utaona vidoti vya kahawia vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Wengi hudhani bati limeanza kuoza. Mara nyingi ni chembe za chuma zilizotoka kwenye breki, au kwa jirani anayechomelea mageti na kuyasaga kwa grenda, zikanasa kwenye rangi na kupata kutu kwa unyevu. Gari jeusi nalo linazo, ila haziko wazi hivyo. Ukipaka silanti juu yake umezifungia ndani. Osha gari, vaa nailoni ya mkate mkononi, upitishe vidole polepole juu ya boneti: ukihisi mchanga, rangi bado chafu. Dawa ni ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya shampuu bila kukandamizwa. Ukidondoka chini, utupe. Baadaye pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwani silanti haishiki juu ya mafuta ya polishi wala mabaki ya waksi ya zamani.

Angalia pia kibati cha namba za rangi. Toyota nyingi nyeupe zenye namba 040 zilipakwa rangi bila vanishi juu yake, tofauti na 070, nyeupe ya lulu, yenye tabaka kadhaa. Fundi akipiga kompaundi na kitambaa kikatoka na weupe, hapo anasugua rangi yenyewe, basi aende taratibu. Gari kuukuu la namna hiyo, ambalo rangi yake imekauka na kuwa kama chaki, ndilo pekee jeupe ninaloliona linastahili waksi, kwa yale mafuta yake.

Kupaka kwenyewe kunataka kivuli, bodi ya baridi na tabaka jembamba. Kasheshe ni kwamba mabaki ya silanti ni meupe na gari ni jeupe. Huoni ulipofuta na ulipoacha. Inama, utazame dhidi ya mwanga, upande kwa upande. Silanti nyingi zinataka saa 12 hadi 24 bila maji, kwa hiyo masika si wakati wake labda uwe na gereji. Na usiegeshe chini ya mwembe wenye kunguru weusi. Kinyesi chao kinachubua vanishi, silanti ikiwepo au isiwepo. Inakupa muda tu wa kukimbilia maji.

Ukishapaka, nenda kwenye kuosha na chupa yako ya shampuu ya gari, na uombe ndoo ya pili ya kusuuzia sponji ili mchanga usirudi kwenye bodi. Vijana watakucheka kidogo. Waachie na hela ya soda.