Vocha ya WiFi gesti Dodoma: Kwa nini inagoma kabla muda haujaisha

Dodoma. Chukua mfano huu. Mgeni amefika jioni, kesho asubuhi ana kikao Mji wa Serikali, Mtumba. Gesti wamemuuzia vocha ya WiFi ya saa 24 kwa Sh1,000. Chumbani ghorofa ya pili inapiga kazi vizuri. Akishuka mgahawani, simu inamwambia vocha inatumika na kifaa kingine.

Anakwenda mapokezi kachukia. Dada wa zamu hana jibu, anampa vocha nyingine, na mwisho wa siku hesabu ikipungua buku, bosi anamdai yeye.

Kumbe kosa si la dada wala la mgeni. Ni la aliyetengeneza programu.

Gesti nyingi hutumia ruta ndogo, zikiwemo za MikroTik kutoka Latvia. Simu ikijiunga, ruta inaizuia na kuifungulia ukurasa wa kuweka namba ya vocha. Ukishaweka, ruta inaandika anwani ya MAC ya simu yako, yaani utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, kisha inaanza kuhesabu muda.

Zamani simu ilikuwa na anwani moja maisha yake yote. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hutunga anwani tofauti kwa kila jina la WiFi ili mwenye simu asifuatiliwe. Sasa gesti ikiweka jina moja kwa ghorofa ya pili na jingine kwa mgahawa, simu ile ile inaonekana ni mbili. Vocha ya mtu mmoja inakataa.

Dawa ni rahisi: jina moja la WiFi jengo zima. Na programu, badala ya kukataa, imtoe mteja kule alikoingia mwanzo na kumwingiza upya kwa muda uliobaki.

Hapo bado umeme. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, baadhi huwaka zikidhani ni mwaka 1970. Programu isiyosubiri kupata saa sahihi kutoka intaneti inaweza kufuta vocha nzima, au kuzifanya zisiishe kabisa. Hiyo ya pili wateja hawailalamikii.

Halafu kuna neno "saa 24" lenyewe. Kuna programu zinazohesabu tangu ulipoingia, na kuna zinazohesabu tu muda ambao simu imeunganishwa. Ni vitu viwili tofauti, na kikaratasi mara nyingi hakisemi ni kipi.

Baadhi ya gesti zimeachana na vikaratasi, mgeni analipa kwa simu. Inaokoa kazi, ila namba yake ya simu inabaki kwenye mfumo. Hiyo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mwenye gesti aitunze vizuri.

Kwa mgeni aliyekwama usiku huu: fungua mipangilio ya WiFi, gusa jina la mtandao, tafuta sehemu ya faragha, chagua anwani halisi ya simu. Fanya hivyo kabla ya kuweka vocha. Ukiwa tayari umeiweka, simu itaonekana ngeni tena.