Fahamu: Simu isiyo na tundu la kadi
Ukishika iPhone 14 iliyouzwa Marekani, toleo la 2022, utalitafuta tundu la kadi ya SIM ubavuni usilione. Laini yake ni eSIM: chipu iliyofungwa ndani ya simu, ambayo kampuni ya simu huiwekea namba yako kupitia intaneti, kwa kawaida baada ya kuskani msimbo wa QR.

Kabla ya kununua simu, bonyeza *#06#. Ukiona namba iitwayo EID, yenye tarakimu 32, simu hiyo inapokea eSIM. Kisha iulize kampuni yako kama inaitoa.

Ugumu uko hapa. Leo betri ikikuzimikia kati ya Kasongo na Kabambare, unachomoa kadi, unaitia kwenye simu ya ndugu, unapokea hela yako ya M-Pesa. eSIM haichomoki. Kuihamisha kunataka intaneti, pengine na safari ya kwenda dukani kwa kampuni. Ukiifuta kwa bahati mbaya, msimbo wa mwanzo mara nyingi haufanyi kazi tena.

Faida ipo: mwizi hawezi kuichomoa akaitupa. Lakini kama una simu moja na mtandao wa kubahatisha, namba ya hela iache kwenye kadi.