Silikanti: Pezi moja lilivyompa samaki jina jipya

Mwaka 1952, nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kwa chombo chake kati ya Zanzibar na Komoro, alibeba mzigo wa makaratasi. Yalikuwa na picha ya samaki na ahadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Mwenye ahadi alikuwa Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini.

Samaki huyo ni silikanti. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, wakiamini alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja aliponaswa karibu na East London, Afrika Kusini, mwaka 1938. Smith alimwita Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho, aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida.

Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani alinasa wa pili. Mwalimu mmoja aliyeona karatasi ile alimtambua kabla hajakatwa vipande, akapelekwa kwa Hunt. Smith alifika kwa ndege ya jeshi na kukuta hana pezi la kwanza la mgongoni. Akaamua ni jenasi nyingine, akaiita Malania, jina la Waziri Mkuu Malan aliyempa ndege.

Silikanti wengine walipopatikana Komoro, wote walikuwa na pezi hilo. Yule wa Nzwani alikuwa na kilema tu. Jina la Malania likafutwa, akarudishwa kwenye Latimeria.

Leo familia ya Latimeriidae ina spishi mbili zilizo hai: huyu wa bahari yetu, mwenye rangi ya buluu, na Latimeria menadoensis wa Indonesia, wa kahawia, aliyepewa jina mwaka 1999. Ndugu zao Macropoma na Holophagus wamebaki kwenye mawe.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jina hilo lina uzito. Mkataba wa CITES umeiweka jenasi nzima ya Latimeria katika Kiambatisho cha Kwanza, hivyo kumvusha mpaka kwa biashara ni marufuku, awe buluu au kahawia, mzima au vipande. Tanga, ambako hunaswa kwa bahati mbaya kwenye majarife ya papa, hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009.

Zamani silikanti alikuwa na bei. Sasa akiletwa sokoni, wa kuitwa ni ofisa uvuvi, si mnunuzi.